Taa za kijani, mashine viziwi: uchambuzi wa kisa cha konsoli na kompyuta 312

Saa 4 usiku nilituma amri moja kutoka kwenye konsoli ya msimamizi, programu inayosimamia kompyuta za maabara zetu kutoka sehemu moja: kompyuta zote zianze kusakinisha masasisho. Orodha ilikuwa kijani juu mpaka chini. Majibu yakaanza kumiminika, "nimepokea", "nimepokea", kisha yakakoma ghafla. Zilizojibu zilikuwa 192. Nyingine 119 zilikaa kimya, na taa zake bado kijani.

Nikakaa nikitazama skrini. Ilipopita saa 4 na robo, taa 88 kati ya zile 119 ziligeuka nyekundu karibu kwa mpigo mmoja. Zile 31 zilizobaki hazikubadilika rangi hata kidogo: amri hazikuipata, jibu hazikutoa, na konsoli iliendelea kuniapia kwamba zipo hewani. Baada ya hapo, bila mtu kugusa chochote, nyekundu zikaanza kurudi kijani, moja hapa, mbili kule. Ilipofika saa 5 orodha yote ilikuwa kijani tena, kana kwamba nimeota.

Nimeamua kukiandika kisa hiki kirefu kwa sababu kila namba iliyo hapo juu ilikuwa na maana yake, na mimi nilizipuuza karibu zote kwa siku mbili nzima.

Mpangilio wetu

Maabara ni 4, kila moja ina kompyuta 78 za Windows, jumla 312. Seva ya konsoli inatumia Linux, na iko kwenye mtandao mmoja na maabara ya 1. Maabara ya 2, ya 3 na ya 4 ziko kwenye vipande vyao vya mtandao, na kila pakiti (kifurushi kidogo cha data) inayotoka huko kuja kwenye seva lazima ipite kwenye fayawoli, mlinzi anayechuja mawasiliano.

Kwenye kila kompyuta kuna programu ndogo ya wakala. Kompyuta ikiwaka, wakala huipigia konsoli kupitia TCP (utaratibu wa kompyuta mbili kufungua laini na kuongea), poti 8443, yaani namba ya mlango kwenye seva, kisha laini huachwa wazi. Konsoli yenyewe haipigi simu kwa mtu. Sheria za fayawoli haziiruhusu, na ndivyo inavyopaswa kuwa, maana hakuna sababu ya kompyuta ya mtumiaji kuacha mlango wazi ili seva iingie itakapo. Kwa hiyo konsoli ikiwa na neno, hulisema kwenye laini ambayo wakala aliifungua, pengine asubuhi, pengine juzi.

Ni kama simu iliyopigwa ikapokelewa, halafu pande zote mbili zikaiweka mezani bila kukata. Mfano huu nautumia kila ninapofundisha kijana mpya, ila una kasoro moja, na kasoro hiyo ndiyo kisa chenyewe. Simu ya mezani ina waya. Muunganisho wa TCP hauna. Ukishakamilika ule ubishaji hodi wa hatua tatu (hodi, karibu, nimeingia), kinachobaki ni kumbukumbu mbili tu: moja kwenye seva, moja kwenye kompyuta, kila upande ukiamini kuwa mwenzake yupo. Pasipo mtu kusema kitu, hakuna pakiti hata moja inayopita. Unaweza kuchomoa kebo kati yao, ukaenda ukarudi, ukaichomeka tena, na hakuna upande utakaojua.

Njia tulizopotea

Dhana ya kwanza ilikuwa usingizi: kompyuta zimelala ili kuokoa umeme. Ilikufa haraka, kwa sababu mpangilio wa kulala tuliuzima zamani na logi za mashine hazikuonyesha usingizi wowote. Ya pili ilikuwa DHCP, mfumo unaozigawia kompyuta anwani za mtandao kwa muda, kwamba labda anwani zilibadilika usiku. Hazikubadilika. Mashine ikifika nusu ya muda wa anwani yake huomba kuongezewa, na zote zilikuwa zimeongezewa anwani zilezile.

Iliyotupotezea muda mwingi ni ping, amri inayouliza mashine kama inafikika. Kila kompyuta iliyokataa amri ilijibu ping ndani ya milisekunde moja, na mwenzangu wa mtandao akatoa hukumu: "Ping inajibu, mtandao wangu mzima, tafuta tatizo kwenye konsoli yako." Nilimwelewa. Tangu Mike Muuss aiandike mwaka 1983, ping imekuwa kipimo cha kwanza cha kila fundi. Lakini ping hubeba ICMP, ujumbe wa aina nyingine usiopita kwenye laini ya TCP, na kila swali lake ni jipya. Inakuambia kwamba kutoka hapa kufika pale sasa hivi kuna njia. Kuhusu laini iliyofunguliwa saa 3 zilizopita kwenye poti 8443 haina la kusema, kama vile kumwona mtu dirishani kusivyokuhakikishia kwamba sikio lake bado liko kwenye simu.

Basi nikamtuma kijana wa zamu kwenye maabara ya 3 azikague mashine kwa macho. Akanipigia.

"Kaka, hii haina shida. Nimeingia, intaneti ipo. Na hiyo amri yako ya majaribio ndiyo inafika sasa hivi."

Nikamwambia aende ya jirani. Nayo nzima. Ya tatu, nzima. Alikagua 8, zote zikapona mikononi mwake, mithili ya mtoto anayelia usiku kucha halafu anacheka akifikishwa kwa daktari. Ilibaki kidogo nifunge faili niandike "hitilafu ya muda".

Kilichonizuia ni neno lake, "nimeingia". Nikamuuliza kwenye kila mashine alifanya nini kwanza. Akasema aliandika jina na nenosiri, kisha akaangalia. Nikamwomba aende kwenye ya 9, asimame mbele yake, asiguse kitu, hata kipanya. Nikatuma amri. Kimya. Dakika mbili, kimya. "Sasa ingia." Akaingia. Haikupita dakika moja, logi ya konsoli ikaandika muunganisho mpya kutoka kwenye mashine hiyo, na amri niliyoituma tena ikapokelewa papo hapo.

Maelezo yake ni haya. Mtumiaji akiingia, wakala huripoti jina lake kwenye konsoli. Maana yake kompyuta inakuwa na kitu cha kusema. Ikijaribu kukisema kwenye laini iliyokufa, Windows hurudia kutuma pakiti mara chache, haipati uthibitisho, inakata tamaa mapema, na wakala anapiga simu mpya. Kijana wetu alikuwa anaitibu kila mashine kwa kuigusa, bila yeye wala mimi kujua. Na ndiyo maana mchana hatukuwahi kuona tatizo: mchana watu wanaingia na kutoka, mawakala wanasema, laini zinabaki hai. Ugonjwa ulihitaji ukimya.

Kusoma namba upya

Nikazirudia namba za usiku ule. Mashine 119 zilizokosa amri zote zilikuwa za maabara ya 2, ya 3 na ya 4. Maabara ya 1, isiyopita kwenye fayawoli, haikukosa hata moja. Nilikuwa nimepanga orodha kwa jina la mashine badala ya kwa maabara, ndiyo maana sikuliona. Tena, 119 ni karibu nusu ya kompyuta zilizo ng'ambo ya fayawoli. Na katika zile 88 zilizogeuka nyekundu, hakuna iliyochelewa kurudi kupita saa moja tangu amri itumwe.

Nusu, na saa moja. Kitu fulani kilikuwa kinahesabu muda.

Nikachagua mashine moja isiyotumiwa na mtu. Nikawasha tcpdump, programu ya kutazama pakiti zinazopita, pande zote mbili za fayawoli, nikaacha laini ikae kimya kwa dakika 55, nikatuma amri. Ikafika. Nikaacha dakika 65, nikatuma tena. Upande wa seva pakiti zilionekana zikitoka; upande wa maabara hapakuonekana kitu. Nikajaribu dakika 59, ikafika. Dakika 61, haikufika. Pale pale nikaangalia hali ya laini kwenye seva kwa amri ya ss:

ESTAB 0 212 10.20.1.5:8443 10.20.3.41:51544 timer:(on,24sec,7)

Mstari huu mmoja unatosha kueleza kisa chote. ESTAB maana yake seva inaamini muunganisho upo, na hapo ndipo konsoli inapochukua rangi yake ya kijani. Namba 212 ni baiti zilizotumwa ambazo hazijathibitishwa kupokelewa: ndiyo amri yangu, imekwama mlangoni. Mwishoni, 7 ni idadi ya mara ambazo seva imeirudia, na sekunde 24 ni muda uliobaki kabla ya kuirudia tena. Kila marudio, kusubiri huongezeka maradufu, mwisho sekunde 120. Kwa mpangilio wa kawaida Linux hurudia mara 15 kabla ya kusalimu amri, na hesabu yake hufika kama sekunde 924, yaani dakika 15 na ushei. Hapo ndipo rangi nyekundu ilipotoka ile saa 4 na robo.

Fayawoli nayo ilikuwa na kumbukumbu ya tatu ya kila muunganisho, na kumbukumbu hiyo ilikuwa na umri. Laini ikikaa kimya sekunde 3,600, iliifuta kwenye jedwali lake. Haikumwambia yeyote. Pakiti iliyokuja baadaye kwenye laini hiyo ilionekana ngeni, ikatupwa kimyakimya, bila hata kumrudishia mtumaji neno la kukataa.

Ilibaki swali la nani alikuwa anazifufua mashine baada ya saa moja. TCP ina swali lake dogo la "upo?", ambalo upande mmoja unaweza kuuliza laini ikiwa kimya, na mwenzake akajibu "nipo". RFC 1122, waraka wa kanuni za intaneti wa Oktoba 1989, inataka swali hilo liwe limezimwa mpaka programu iliombe, na likiwashwa, muda wa kawaida wa kusubiri usipungue saa 2. Windows na Linux zote zimeshika saa 2 hizo mpaka leo. Wakala wetu alikuwa ameliomba; konsoli haikuliomba kabisa.

Sasa pangilia. Laini inaanza kukaa kimya. Saa ya kwanza iko sawa. Dakika ya 60 fayawoli inaisahau, na kuanzia hapo mashine ni kiziwi: inaamini inasikiliza, konsoli inaamini inasikilizwa. Dakika ya 120 Windows inauliza "upo?", haijibiwi, inarudia kwa sekunde kadhaa, inaikata laini, na wakala anapiga simu mpya. Saa moja mzima, saa moja kiziwi, usiku kucha. Ndiyo maana wakati wowote ukituma amri unakuta karibu nusu hazisikii, na ndiyo maana kiziwi wa saa 4 hawezi kuvuka saa 5 bila kupona.

Zile 31 zilizonitesa zaidi ndizo zilizokuwa zimebakiza chini ya robo saa ya uziwi. Zilipiga simu mpya kabla seva haijakata tamaa na laini ya zamani. Konsoli ikaweka laini mpya mahali pa ile ya kale, taa ikabaki kijani, na amri yangu ikafa pamoja na laini iliyotupwa. Hilo kwa maoni yangu ni kosa la aliyeiunda konsoli. Amri isiyothibitishwa ilipaswa kusubiri kwenye foleni ya mashine, isifungwe kwenye muunganisho.

Na kwa nini sasa? Kwa sababu wiki 3 kabla tulibadilisha fayawoli. Ile ya zamani ilikuwa kompyuta ya Linux, ambayo kwa kawaida huukumbuka muunganisho uliokamilika kwa sekunde 432,000, yaani siku 5. Kosa letu lilikuwepo miaka yote, limefunikwa na kifaa chenye kumbukumbu ndefu. Mwenzangu wa mtandao alinikumbusha, kwa haki yake, kwamba hakuvunja sheria. RFC 5382 ya mwaka 2008 inakataza kifaa cha NAT (kinachobadilisha anwani za pakiti zinazopita) kuusahau muunganisho uliokamilika kabla ya saa 2 na dakika 4, dakika 4 hizo zikiwa za kuliachia lile "upo?" nafasi ya kupita. Kifaa chake kilikuwa kinachuja tu, NAT hakikuwa kinafanya.

Tiba

Wengi wangeongeza muda kwenye fayawoli wakalala. Tuliufikiria, tukaukataa. Ungeficha kosa kama kifaa cha zamani kilivyolificha, na usingesaidia kitu swichi ikizimika ghafla au kompyuta ikikatika umeme bila kuaga. Tulimwomba mwenzetu jambo jingine dogo: pakiti ngeni zinazotoka kwenye mitandao yetu ya ndani zisitupwe kimya, zirudishiwe RST. Pakiti hiyo ya kukataa humfikia mtumaji ndani ya milisekunde, badala ya kumwacha abishe hodi robo saa kwenye nyumba iliyohamwa.

Tiba yenyewe tuliiweka kwa wakala. Kila baada ya sekunde 60 husema "upo?", na konsoli lazima ijibu. Zikipita tatu bila jibu, anakata na kupiga upya. Swali hili tuliliweka ndani ya programu makusudi, hatukuitegemea TCP, kwa sababu swali la TCP hujibiwa na mfumo endeshi hata kama programu yenyewe imeganda. Tunachotaka kujua ni kama konsoli inasikia, si kama seva ina umeme. Na anayeuliza lazima awe kompyuta, maana ndiye pekee anayeruhusiwa kupiga simu. Konsoli ikigundua laini imekufa haina la kufanya zaidi ya kubadilisha rangi. Mzigo wake ni maswali kama 5 kwa sekunde kwa kompyuta zote, kitu ambacho mtandao hata haukisikii.

Nilidhani nimemaliza. Siku iliyofuata asubuhi nikaiwasha upya konsoli ili ichukue mpangilio mpya. Mawakala wote waliona laini imekatika kwa wakati mmoja, wakapiga simu wote sekunde ileile. Foleni ya mlangoni kwenye kernel yetu (kiini cha mfumo endeshi) ilikuwa na nafasi 128, kama ilivyokuwa kawaida ya Linux kabla ya toleo la 5.4 la mwaka 2019 kuipandisha hadi 4,096. Waliokosa nafasi walijaribu tena, pamoja. Waliopata nafasi walisubiri zamu ya kukubaliana funguo za TLS (za kuficha mawasiliano yasisomwe na wengine), wakachoka baada ya sekunde 5, wakakata, wakapiga tena. Kwa hiyo seva ilikuwa imeelemewa kabisa ikiwahudumia watu walioshaondoka. Nililazimika kuomba poti 8443 ifungwe kwenye fayawoli kwa maabara zote tatu, kisha ifunguliwe moja moja, ndipo ikapumua.

Wakala sasa akikatika hasubiri muda uliopangwa. Huchagua kwa bahati nasibu popote kati ya sekunde 0 na 30, akishindwa anaongeza upana wa muda huo maradufu, mwisho dakika 5. Jambo la mistari michache ya programu, na ningeliweka siku ya kwanza kama ningekuwa nimewahi kukutana na kundi la aina hii kabla.

Mapacha

Msomaji aliyejumlisha 192 na 119 ameshapata 311. Mimi sikujumlisha.

Tatizo lilijitokeza baada ya tiba. Mashine moja ya maabara ya 4 ilianza kukatika na kurudi kila baada ya kama dakika 3, saa zote, na kila ikirudi anwani yake ilibadilika: mara 10.20.4.17, mara 10.20.4.18. Nikaenda mwenyewe. Kulikuwa na kompyuta mbili, zimekaa bega kwa bega, zote zikijitambulisha kwa utambulisho mmoja. Mtu alinakili diski ya moja kwenda nyingine baada ya wakala kusajiliwa, na nambari ya usajili ikaenda na nakala.

Zamani walikaa kwa amani, kwa sababu konsoli ilimpokea aliyepiga mwisho, ikamwacha wa kwanza akining'inia bila kumwambia. Tulipoanza kudai jibu la "upo?", aliyening'inia aligundua kuwa hajibiwi, akapiga upya, akakikalia kiti, na mwenzake akabaki akining'inia. Dakika 3 baadaye zamu ikageuka. Moja ya hizo mbili haikuwa imepata sasisho lolote tangu inakiliwe.

Tulifuta usajili wa pacha mmoja, akapewa nambari yake, na orodha ikafika 312. Kwenye konsoli niliondoa pia rangi. Mahali pa taa ya kijani sasa pana safu inayoonyesha sekunde tangu mashine isikike mara ya mwisho. Siku ya kwanza kijana wa zamu aliniuliza mbona moja inasoma 540 wakati nyingine zote ziko chini ya 60. Nikamwambia aende akaitazame, na safari hii aiguse apendavyo. Aliikuta kebo ya mtandao imechomolewa, imechomekwa kwenye kompyuta mpakato ya mtu.